Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha watengeneza programu za kompyuta: mwaka ulivyokuwa, ada, na ile barua ya Aprili

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mambo ya kawaida nayapita mbio kwa sababu mnayajua. Tumekutana mara tisa, mafunzo mawili Tudor na moja Likoni, vijana wakafundishwa kupima ukubwa wa programu kwa kuhesabu kazi inazofanya, ile njia aliyoileta Allan Albrecht wa IBM mwaka 1979, na walioshika wameshika vizuri. Asante kwa katibu. Ukumbi wa Likoni niliutafuta mimi mwenyewe na hatukulipa hata senti.

Sasa tuje kwa lile lililowachoma watu. Aprili ofisi moja ya umma ilituandikia kurasa mbili, wanataka tuwakadirie gharama ya mfumo wa kusoma mita za maji, kutoa bili na kuwasha pampu, na wanataka namba moja tu, ndani ya siku nne, kwa sababu bajeti inafungwa. Kamati ikaandika shilingi milioni 20. Mimi nikakataa kutia sahihi. Nikaandika milioni 10 hadi 40, na ombi juu yake kwamba watupe kwanza miezi miwili ya kuchunguza, ya kulipwa, ndio tuwape namba ya maana. Hawakujibu, na baadaye tukasikia kazi amepewa mwingine aliyeandika namba moja. Hapo maneno yakaanza, ati mwenyekiti amekata riziki za watu, ati nimeamua peke yangu.

Nawajibu wazi. Injinia akijenga tangi ana BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote, anahesabu mifuko ya simiti, nondo, mchanga na vibarua, bei zinajulikana mpaka Mwembe Tayari. Sisi tulikuwa na kurasa mbili. Kwenye kurasa mbili hujui akaunti za zamani ziko kwa daftari au kwa eksel, hujui ploti moja imeandikwa kwa majina mangapi, hujui mita zenyewe ni za aina gani na zinaongea lugha gani na seva, na kusafisha data hiyo peke yake kunaweza kula miezi kabla hujaandika mstari mmoja wa programu. Barry Boehm, mtaalamu wa Marekani wa kukadiria programu, alionyesha zamani, kitabu chake cha 1981, kwamba mwanzo kabisa wa mradi makadirio yanaweza kukosea mara nne juu au kushuka hadi robo. Kwa hiyo mimi kuandika nusu hadi mara mbili ya ile milioni 20 nilikuwa hata nimewabana, na nilifanya hivyo kwa sababu orodha ya kazi tulishapewa.

Na ile hesabu niliyowaandikia ubaoni Juni, kwa wale 11 waliokuja, nairudia kwa wasiokuwepo. Fomula ya huyo huyo Boehm ya kukadiria kazi, ile ya msingi, kwa programu ya mistari 50,000. Ikiwa ni kazi nyepesi, timu ndogo inayoijua, inatoka kama miezi 146 ya mtu mmoja. Mistari ile ile 50,000 ikiwa imefungwa na mashine na masharti makali, kama kuendesha pampu, inatoka kama miezi 394. Ukubwa ni ule ule, kazi ni zaidi ya mara mbili na nusu! Fomula ilitokana na miradi 63 ya Marekani ya enzi hizo, kwa hiyo haikupi bei ya Mombasa, lakini inakuonyesha kwamba bili na pampu huwezi kuzitia kapu moja ukaandika milioni 20 ukalala.

Wenzetu wenye pesa kutuzidi wameanguka hapo hapo. Denver, Marekani, uwanja wa ndege ulikuwa ufunguliwe 1993, ukafunguliwa Februari 1995, na sababu kubwa ni mfumo wa kompyuta wa kubeba mizigo ambao ugumu wake watu waliukadiria chini mno, na 2005 ukaachwa kabisa. Majengo yalisimama, kilichokwamisha zaidi ni mfumo huo. Na bado kuna matengenezo baada ya kukabidhi, ambayo mara nyingi yanapita gharama ya kujenga, na kwenye ile barua hayakutajwa hata neno moja. Ningetia sahihi milioni 20, pesa ziishe katikati na watu wa Bamburi wapate bili za nyumba zisizo zao, jina lililo chini ya karatasi ni langu na lenu pia.

Kuhusu kuamua peke yangu: niliitisha mkutano wa dharura, wakaja saba. Saba! Akidi ni 20. Simu nilipiga mimi usiku mpaka saa tano, wengine mlinijibu mko kwa feri, wengine hamkushika. Siku nne haziwezi kusubiri watu ambao hawaji, na kama hilo ni kosa basi tulizungumze mkiwa mmekaa ukumbini, si pembeni.

Hesabu za pesa kwa ujumla. Wanachama 58, ada 3,000 kwa mwaka, tulitarajia 174,000, waliolipa ni 21, imeingia 63,000. Ukumbi na chai 38,500, mafunzo 17,200, iliyobaki 7,300 ukiongeza 12,450 za mwaka jana tuko na 19,750. Watu 37 wanadaiwa 111,000 na kati yao wako waliopiga kelele zaidi kuhusu Aprili, inaniuma kusema lakini ndivyo kitabu kinavyosema.

Mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijaalia, tuanze kuweka kumbukumbu ya kila mradi tuliofanya, tulikadiria ngapi na ikaishia ngapi, ili siku moja tukadirie kwa hesabu zetu wenyewe za hapa pwani. Pia mafunzo zaidi, na pengine ofisi ndogo ikipatikana.

Mkutano mkuu ni Jumamosi baada ya Asri, na jambo la kwanza ni hili la Aprili. Nakala 10 za barua ziko kwa katibu, anayetaka kuniuliza aisome kwanza.