Idi njema, na majivu ya rafiki yangu

Mwezi umeandama. Kwenu nyote mliofunga, Mungu azipokee funga zetu, na Idi hii iwakute wazima, pamoja na mnaowapenda. Kwenu ambao bado mko katikati ya Kwaresima, nawaombea wepesi wa siku zilizobaki. Kwa mnaosherehekea Nauruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, ambayo mwaka huu imeangukia 20 Machi, sambamba na Idi au siku moja kabla yake kutegemea nani aliuona mwezi na wapi, heri ya mwaka mpya. Na wewe usiyefunga chochote wala kusherehekea chochote, ambaye kila mwaka hunijibu "nawe pia" bila kunung'unika, salamu hizi ni zako vilevile.

Najua kuna watakaosema salamu moja ingetosha. Labda. Lakini mtu aliyekulia kwenye mtaa wa watu mchanganyiko hajui kusalimu kwa jumla. Kila mlango ulikuwa na salamu yake, na ukikosea, watoto wenzako walikucheka mpaka Jumapili, au mpaka Ijumaa, ikitegemea nani anacheka.

Mwaka huu kalenda zimenirudisha utotoni kwa nguvu. Mwaka Mpya wa Kichina uliingia 17 Februari. Kesho yake, tarehe 18, ikawa Jumatano ya Majivu. Na siku hiyohiyo, au iliyofuata kwa wengine, tukaanza kufunga Ramadhani. Wala si muujiza, ni hesabu. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11, ikazunguka majira yote na kufika ilikoanzia baada ya miaka 33 hivi. Kwaresima yenyewe haiendi mbali. Inaifuata Pasaka, na Pasaka inaufuata mwezi mpevu wa 21 Machi au baada yake, basi inachezacheza palepale karibu na nyumbani. Msafiri na mkaa nyumbani hukutana miaka michache, kisha wakaachana tena kwa muda mrefu.

Hesabu miaka 33 nyuma: 1993. Ramadhani ilianza karibu 23 Februari, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 24. Nilikuwa na miaka minane na ninafunga ile funga ya watoto, ya nusu siku.

Rafiki yangu wa mlango wa pili alirudi kutoka kanisani akiwa na doa jeusi kwenye paji la uso. Nikadhani ameegemea mahali pachafu. Nikalamba kidole gumba, nikamshika kichwa kwa mkono wa pili, nikamfuta. Nia yangu ilikuwa safi kabisa, kama mama anavyomfuta mtoto kabla hajafika mbele ya wageni. Nilisugua mpaka paji likang'aa. Hakusema neno. Alisimama tu macho yakimjaa maji, kisha akageuka akaingia kwao.

Nilijua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini. Mama yake alitoka, nami nikajiandaa kupigwa kibao. Badala yake akachuchumaa, akaniuliza, "Mwanangu, umemfuta kwa nini?" Nikamwambia alikuwa amechafuka. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, halafu akanieleza: ni majivu, amepakwa na padri, ili akumbuke kwamba ni mavumbi na mavumbini atarudi. Nikashangaa, maana hayo hayakuwa mageni kwangu. Chuoni, yaani madrasani, nasi tulikuwa tunafundishwa kwamba tumeumbwa kwa udongo na humo tutarudishwa.

Watu wakisikia kisa hiki hupenda kuishia hapo, kwenye kufanana kwa mafundisho. Mimi kilichonikaa ni kidole. Wakati wa daku, kwenye mwanga hafifu, nilikiona bado kina weusi kwenye mistari ya ngozi. Nilikuwa nimeibeba ibada ya mwenzangu kwenye kidole gumba na sikuwa na namna ya kuirudisha. Tangu hapo, nikiona kwa mtu jambo nisilolielewa, mkono husita kwanza. Sidai kwamba ni wema. Ni kovu tu, na kovu linafanya kazi hata siku ambayo mwenyewe huna wema wowote.

Yeye alilipiza kisasi kwa maswali. Hata maji? Hata mate? Mbona mnafuata mwezi na jua lipo? Na kama mawingu yakiuficha? La mawingu sikulijua. Nikamkimbilia babu, naye akanieleza kwamba mwezi usipoonekana siku zinatimizwa 30, kisha akauliza nani amenituma. Nilipomtajia, akasema, "Mwambie aendelee kukuuliza." Mpaka leo naamini sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu dini yangu nimekijua kwa kuulizwa na wasio wa dini yangu. Aliyekulia mahali ambapo wote wanafunga hana wa kumuuliza kwa nini anafunga.

Halafu kulikuwa na mpira. Tulihitaji watu kumi na mmoja, na hapo ndipo tulipojua kalenda za watu kuliko wazazi wetu. Ijumaa mchana sisi hatupo. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua lizame, Wasabato hawapo, na beki zetu mbili zilikuwa za Kisabato. Jumapili asubuhi usijisumbue. Tukabaki na Jumapili alasiri na jioni za katikati ya juma, tukazilinda kama mali. Hakuna mtu mzima aliyetuhubiria kuheshimiana. Tulitaka beki.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwanasaikolojia Gordon Allport alikwisha liandika jambo hilo mwaka 1954: watu wa makundi tofauti wakikutana, chuki hupungua zaidi pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wanaounga mkono. Uwanja wetu wa mawe mawili kila upande ulikuwa na yote manne, ukiondoa siku tulizovunja dirisha.

Na lugha je? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Katherine Kinzler akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio dogo la watoto wa miaka minne hadi sita. Mtu mzima aliyekaa ng'ambo ya meza alimwomba mtoto asogeze gari dogo. Mbele ya mtoto kulikuwa na magari matatu, lakini lile dogo kuliko yote mtu mzima hakuweza kuliona. Mtoto alitakiwa ang'amue kwamba mwenzake anazungumzia jingine. Waliokulia kwenye lugha moja tu walipatia kama nusu ya mara. Wenye lugha mbili walipatia karibu robo tatu, na waliokuwa wakisikia tu lugha nyingine kandokando, bila kuizungumza, walipatia karibu sawa na hao. Hili la kusikia tu ndilo linalonifurahisha. Wangapi tulilala tukisikia ugomvi wa jirani kwa lugha tusiyoijua, na bado tukajua nani ana makosa?

Nisiwadanganye lakini. Si wote tuliokulia pale wametoka hivyo. Mmoja wa wale wale tuliocheza nao leo anasambaza maneno ya chuki kwenye simu, dhidi ya watu aliowahi kula sahani moja nao. Naye Robert Putnam, aliyechunguza jamii za Marekani, aliandika mwaka 2007 kwamba penye mchanganyiko mkubwa watu huweza kujikunyata, wakapunguza imani hata kwa wanaofanana nao, angalau kwa kipindi cha mwanzo. Naliamini. Nimeishi pia kwenye jengo la watu wa kila aina ambamo kwa miaka miwili sikujua jina la wa mlango wa pili. Kulikuwa na kuta nzuri, na hapakuwa na mpira.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu, maana najua anasoma. Tarehe 18 Februari mwaka huu simu yangu ililia. Ilikuwa picha moja: paji la uso lenye mikunjo miwili mitatu ambayo mwaka 1993 haikuwepo, msalaba wa majivu katikati, na chini ameandika maneno mawili: "Kaa mbali."

Idi njema, ndugu yangu. Pasaka yako ni 5 Aprili, nimeshaiandika ukutani, na ya Waothodoksi wa ghorofa ya juu ni tarehe 12. Msalimie mama, mwambie kidole kilitakata. Na kwa vile mimi ndiye kipa, jiandae mapema: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Tafuta mtu wa kukaa golini.