Gari la hidrojeni haliendeshwi na maji

Mhariri, salamu. Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita ya magari ya hidrojeni nikacheka kidogo, mnisamehe, eti gari "linaendeshwa na maji". Maji jamani ndo yanatoka kwenye ekzosi, kinachoingia ni hidrojeni, na hapo katikati kuna kitu hamjakitaja hata mara moja wakati ndo roho ya mtambo: utando.

Ukiuona ni kiplastiki tu, ule unaouzwa kwa jina la Nafion 212 una unene wa maikromita 50, unywele wako huenda ukaushinda unene. Kazi yake kupitisha protoni za hidrojeni na kuzinyima elektroni zake njia, zikinyimwa zinazungukia nje kwenye waya na hapo ndo unapata umeme. Shida yake una kiu. Protoni zinapita kwa msaada wa maji yaliyomo ndani, sasa ukivuka nyuzi joto 80 hivi za Selsiasi unaanza kukauka, ukipita 100 ni tabu tupu. Na watu wanautaka huo moto, maana kwenye joto kubwa ile platinamu inayochochea hidrojeni igawanyike haichafuki haraka na kaboni monoksaidi na rejeta inakuwa ndogo. Ndo maana wanachanganya kwenye utando unga wa nano, yaani wa chembe ndogo mno, silika, titani oksaidi, grafini oksaidi, ili ushike maji.

Ila msije mkaandika tena nano imemaliza kila kitu. Mimi fundi wa maabara, tumemimina sana huo utando kwenye sahani ya kioo. Unga ukiwa kidogo unatoka laini, ukiunyanyua kwenye mwanga ule wa grafini una rangi ya chai ya rangi kabisa, ukizidisha unafanya madonge kama uji wa mtu mwenye haraka na kila donge ndo pa kuchanikia. Siku moja tumeacha sahani kwenye oveni, usiku umeme ukakatika, asubuhi tunakuta umejikunja kama ganda la kitunguu. Wiki nzima imeenda hivyo.

Kinachoniuma hasa, grafini oksaidi inatengenezwa kwa madini ya kinywe, yale ya grafiti ya kwenye penseli, na kinywe hapa Tanzania tunacho, Mahenge kipo, Ruangwa kipo. Lakini kichupa chetu cha grafini oksaidi tunaagiza nje kinakuja na ndege, bei ya gramu moja siiandiki hapa mke wangu anasoma gazeti lenu. Tumeni mwandishi Mahenge akaulize kile kinywe kinaishia wapi, halafu ile ya maji mrekebishe.

Fundi wa maabara, Dar es Salaam