Meli Iliyo Gatini Haijatia Nanga: Barua kwa Wahariri Vijana wa Nairobi

Wanangu mnaoandika na kufasiri habari humu jijini,

Salamu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na habari za vyombo vya baharini huwafikia kwa simu. Hilo si kosa. Kosa ni kulichukua neno la baharia mkalitumia kwa kukisia.

Nanga kwanza. Mwaandika kwamba meli "imetia nanga" Mombasa, na picha iliyo chini ya habari yaionyesha imefungwa kwa kamba, kreni zikishusha makontena. Hiyo imefunga gatini, pale meli zinapoegeshwa kushusha mizigo. Iliyotia nanga iko nje, yangoja nafasi, yageuka kufuata upepo na mkondo. Kwa mfanyabiashara anayesubiri mzigo Embakasi, hiyo ndiyo habari yenyewe: meli ya nje haijashusha hata kontena moja. Mashindano ya soka "yaking'oa nanga" Kasarani, nawasamehe.

Ajali nazo. Kila jambo kwenu ni "boti yazama." Ulizeni. Imepinduka? Basi tafuteni habari za mzigo uliopangwa juu mno, au abiria waliokimbilia ubavu mmoja; chombo cha mbao kikipinduka mara nyingi hubaki kikielea kifudifudi, watu wakakishikilia. Imezama? Maji yaliingia, yakakusanyika ngamani, chini kabisa, na yalikuwa yakiingia upesi kuliko yalivyofuliwa, yaani yalivyotekwa na kumwagwa nje. Mara nyingi njia yake ni kalafati, yaani kizibo cha nyufa, iliyooza kati ya mbao. Imepwelewa? Huenda haina hata mkwaruzo: maji yamekupwa yakaiacha mchangani, nayo itaelea tena yakijaa, baada ya saa chache. Kwa sababu hiyo msilipeleke neno hili Ziwa Victoria, ambako hakuna kujaa na kupwa.

Na mrama ni kule kuyumba kwa chombo, huku na huku. Bado kiko juu ya maji! Mradi uliokufa haukwenda mrama. Huo ndio uliozama.

Mkieleza vifaa vya jahazi, usukani ni ule ubao wa tezini, nyuma ya chombo, unaoingia majini, na mti wa kuugeuzia ni kana. Msemo wa "kushika usukani" ni sawa, ila baharia anayeushika usukani wenyewe ameshalowa. Mlingoti husimama, foromali ndiyo boriti inayobeba tanga, nayo hutwekwa, yaani hupandishwa, kwa kamba iitwayo jarari. Mwachanganya mlingoti na foromali mno.

Rubani wa meli si nahodha. Yeye huipanda meli ikikaribia bandari kwa kuwa aujua mlango, kina chake na miamba yake, lakini nahodha habanduki kwenye dhamana ya chombo chake. Msimwandike rubani kuwa "mkuu wa meli."

Mwendo wa "noti 12 kwa saa" ni kusema saa mara mbili. Noti 1 ni maili 1 ya baharini, yaani mita 1,852, kwa saa. Noti 12 ni kama kilomita 22 kwa saa.

Kulia na kushoto kwa chombo huhesabiwa ukiwa umeelekea omo, yaani mbele ya chombo, hata kama wewe umekaa ukitazama tezi. Usiku taa ya kushoto ni nyekundu, ya kulia kijani. Shahidi akiwaambia aliziona zote mbili kwa pamoja, andikeni kwamba chombo kilikuwa kinamjia uso kwa uso.

Mzee wenu,
Nairobi