Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Baba yangu amekata roho mimi niko getini

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Salaam sana. Najua una majukumu mengi, na barua mbili nilizotumbukiza kwenye sanduku la maoni huenda hazikukufikia. Hii naiandika mbele ya watu.

Baba yangu amefariki Jumanne iliyopita saa tisa alasiri, wodi ya wanaume. Mimi nilikuwa getini na chupa ya uji. Mlinzi ananionyesha kibao: kuona wagonjwa ni saa kumi. Pembeni yangu alisimama imamu wa msikiti wetu, maana asubuhi daktari alitueleza wazi kwamba figo zimefeli, tujiandae. Tujiandae vipi tukiwa nje?

Acha nikueleze baba alikuwa nani. Mtaani kwetu mtu akizidiwa usiku, mlango uliogongwa ni wake. Alichukua tochi, akavaa kanzu, akaenda. Alikaa kichwani pa mgonjwa akimtamkisha shahada kwa sauti ya chini, bila kumharakisha, huku akimlowesha midomo kwa pamba yenye maji. Roho ikishatoka alimfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa, akamnyoosha viungo, ndipo akatoka nje kuwaambia wenyewe. Hata majirani Wakristo walimwita akae nao mpaka padre afike na mafuta ya wagonjwa. Watu wangapi amewasindikiza, sijui. Yeye hakusindikizwa na mtu.

Saa kumi nilipoingia nilikuta kitanda kimetandikwa shuka jipya. Nesi wa zamu alikuwa anakimbia na dripu ya mtu mwingine, akaniambia huku anapita: "Wa kitanda cha sita? Nenda mochwari, ila pitia kwanza dirisha la malipo."

Simlaumu yule dada. Alikuwa peke yake na wodi nzima, na baadaye nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa sare. Nadhani naye hana wa kumwambia yake. Walinzi pengine wanaogopea vibarua vyao. Wapo wanaosema geti lilikazwa wakati wa korona, halikulegezwa tena. Wengine wanasema chanzo ni wahubiri walioingia wodini kwa makelele, wakiwaambia wagonjwa waache dawa na kuwauzia mafuta. Kama ni hao, wazuieni, nami nitasimama na mlinzi kuwazuia. Imamu aliyekuja na tasbihi tu mkononi, kuzungumza na mzee mmoja kwa sauti ya kunong'ona, anazuiwa kwa lipi?

Mwaka jana, kwenye mkutano wa wananchi, ulisimama mwenyewe ukaahidi. Ulisema kutakuwa na chumba cha ndugu kukaa na kusali. Ulisema orodha ya simu za mashehe, mapadre na wachungaji itawekwa mezani kwa manesi. Ulisema ofisa ustawi wa jamii atakaa na familia zinazopewa habari nzito. Nilikuwa mstari wa pili, nikapiga makofi. Chumba hicho leo kimejaa magodoro mabovu. Ofisa ustawi ni mmoja, na foleni mlangoni kwake ni ya watu wanaoomba msamaha wa bili. Orodha ya simu ni karatasi moja na kalamu, Mganga Mfawidhi. Hiyo nayo imekosa bajeti?

Tusiambiwe haya si matibabu. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba tiba shufaa ni kutuliza maumivu ya mwili, ya nafsi na ya roho, na kuwaangalia pia ndugu wa mgonjwa. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu kuabudu, na mgonjwa ni mtu. Nilipomuuguza shangazi katika hospitali nyingine, ndogo kuliko yako, nesi alituuliza siku ya kwanza kabisa: "Mgonjwa wenu anasali wapi, na hali ikibadilika tumpigie nani?" Basi. Maswali mawili. Shangazi alikufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu, na hilo ninaishi nalo vizuri. La baba siwezi. Kila nikilala naliona lile geti.

Chumba tutasubiri. Ofisa wa pili tutasubiri. Lakini mtu anayekata roho asiachwe peke yake kwa sababu ya kibao. Mruhusuni ndugu mmoja tu, na kiongozi wake wa dini akitakiwa, saa yoyote.

Kitanda cha saba, jirani na alichofia baba, kuna kijana. Mama yake analala chini ya mwarobaini karibu na bomba la maji, leo siku ya tisa, na rozari shingoni. Asubuhi naye ameambiwa ajiandae. Tafadhali, kabla hujaondoka kazini leo, mwambie mlinzi amfungulie.