Barua ya wazi kwa Afisa Nyumba: tuondolee mchango wa ibada, tuletee mita

Ndugu Afisa Nyumba,

Yah: Tangazo la mchango wa ziada kwa kaya zinazofunga

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kuwa u mzima na kwamba huko ofisini kwako, tofauti na hapa kwetu, maji yanatoka na taa zinawaka. Mimi ni mwalimu mstaafu na mpangaji wa ghorofa ya chini katika jengo mnalolisimamia hapa Mtwara mjini, katika mlango unaotazamana na kabati la mita. Nimekwisha kukuandikia kwa njia ya kawaida. Barua zilipokelewa, zikagongwa mhuri, zikanyamaza. Ndiyo maana hii naiandika wazi, ili majirani zangu nao waisome.

Ijumaa iliyopita kijana wa ofisi yako alibandika kwenye mlango wa kabati hilo tangazo lenye sahihi yako, linaloagiza kila kaya inayofunga kuchangia shilingi 5,000 za ziada "kwa ajili ya maji na umeme wa mwezi mtukufu". Nakushukuru kwa kuuita mtukufu. Ingependeza zaidi kama utukufu wake usingepangiwa bei.

Nakiri kwamba tangazo lilikuwa na chanzo. Usiku wa kuamkia siku hiyo LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, iliisha muda mfupi kabla ya daku. Mita yetu hulia uniti zinapokaribia kwisha, na kwa kuwa mlango wangu ndio ulio karibu, mimi ndiye huisikia kabla ya wengine, na mimi ndiye hupanda ngazi na goti langu bovu kugonga milango nikikusanya elfu mbilimbili, kazi ambayo sikumbuki kuajiriwa nayo. Usiku ule nilijibiwa kutoka nyuma ya mlango mmoja kwamba wanaokula daku ndio waongeze. Waliokula daku nao wakasema pampu ya maji haiulizi nani kafunga. Mabishano yakahamia ngazini, gizani, maneno ya dini yakaingia, na kulipokucha tukakuta koki ya kupandishia maji ghorofa ya juu imefungwa kwa makusudi na ndoo aliyokinga mama mmoja kwa ajili ya udhu imepigwa teke. Bila umeme pampu haivuti, kwa hiyo hata yule aliyenijibu vile alimpeleka mtoto shule bila kumwogesha. Hawa ni watu waliozoea kupelekeana sahani za futari na pilau ya Krismasi, na ukiwaona leo wakipishana ngazini huwezi kuamini.

Badala ya kuuliza kwa nini kaya kumi na mbili zinategemea mita moja, wewe umeamua kwamba tatizo ni swaumu. Basi tuhesabu pamoja. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alitawadha kwa kiasi cha kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa kiasi cha pishi, na kibaba hakifiki hata lita moja. Sisi waja wa leo ni wapotevu zaidi, lakini hata mtu atawadhe mara tano kwa siku bila kujibana, ndoo moja ya lita 20 inamtosha na inabaki. Wakati huohuo, ukisimama nyuma ya jengo utaona mstari wa kijani ulioanzia kwenye tenki juu ya paa ukashuka ukutani hadi dirisha la ngazi. Mstari huo haukuoteshwa na udhu. Nadhani boya la tenki, lile la kufunga maji tenki linapojaa, limekufa siku nyingi, kwa sababu pampu ikiachwa usiku nayasikia maji yakimwagika juu ya bati la kibanda cha mlinzi mpaka alfajiri, na yote hayo yanasomwa kwenye bili tunayogawana.

Kuhusu umeme, sijui ni nani aliyekuambia kwamba daku hupikwa kwa LUKU. Hapa daku hupashwa kwa mtungi wa gesi au kwa mkaa. Umeme ni taa ya jikoni, nayo huwashwa kwa muda usiozidi wa kumeza wali na mchuzi. Kama unatafuta mlaji mkubwa, anzia kwenye duka la mbele lenye majokofu mawili yanayonguruma usiku na mchana. Sina ushahidi kwamba limeungwa kwenye mita yetu, ila sijawahi kuiona mita yake, na siku LUKU yetu inapoisha, majokofu nayo hunyamaza. Sizungumzii hata kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU na ambayo ni deni la mwenye jengo.

Tena hasara ya mita moja si ugomvi tu. Mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amewekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na akivuka hapo anapanda kwenye bei iliyo zaidi ya mara tatu. Mimi na mke wangu, tukiwa na jokofu moja, feni na taa tatu, tunajitahidi kubaki chini ya kiwango hicho. Lakini ukizikusanya kaya kumi na mbili, pampu na taa za ngazi katika mita moja, uniti 75 huisha kabla wiki ya kwanza haijafika katikati, na sote, mwenye kiyoyozi na mwenye balbu, tunanunua umeme kama watu wenye uwezo. Serikali imetupa unafuu, na kabati lako la mita limeuficha.

Naomba pia unisaidie kulitafsiri tangazo lako katika utekelezaji. Ghorofa ya pili kuna nyumba ambayo baba ni Mkatoliki na mama ni Mwislamu, jambo la kawaida kabisa huku kwetu kusini. Je, watalipa 2,500? Mgonjwa aliyeruhusiwa kula mchana atakuletea cheti cha daktari? Na yule jirani yetu mwenye jina la Kiislamu ambaye saa sita mchana tunamwona na muhogo wa kuchoma mkononi, utamtoza kwa jina au kwa tumbo? Desemba ikifika utakuja kuhesabu taa za Krismasi? Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza ubaguzi na inaitaja dini kwa jina miongoni mwa misingi yake, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa ibada. Hata wale wanaonunua sehemu za majengo chini ya sheria ya mwaka 2008 hugawana gharama za pamoja kwa uwiano wa sehemu wanazomiliki. Sijaona mahali ambapo gharama hugawanywa kwa madhehebu.

Wala usidhani kwamba nawasemea Waislamu peke yao. Jirani yangu wa ghorofa ya kwanza ni Msabato. Usafi wa jengo umewekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama ilivyo nchi nzima, naye kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi linapozama hafanyi kazi. Aliomba kufanya sehemu yake Jumapili asubuhi, na anaifanya. Ngazi zetu hazijawahi kuwa safi kama Jumapili. Pamoja na hayo, faini ya kutohudhuria huandikwa kwenye jina lake kila mwezi, kana kwamba deki ya Jumapili haiondoi uchafu wa Jumamosi. Na kile chumba cha chini, kilichotumiwa na Wakristo wa jumuiya kwa sala zao na sisi kwa tarawehe, kimefungwa kufuli "mpaka utaratibu utakapotolewa". Utaratibu huo tunaungoja, ingawa tulikuwa nao wenyewe na hatukuwahi kugongana.

Ndugu Afisa Nyumba, nikukumbushe kwa upole. Ulisimama hapa uani, chini ya mwembe, ukatuahidi kwamba kabla ya msimu wa korosho kwisha kila mlango utakuwa na mita yake ya umeme na ya maji. Tulikupigia makofi, mimi mwenyewe nilitoa neno la shukrani kwa niaba ya wapangaji. Msimu ule ukaisha, minada ikafungwa, ukaja mwingine nao ukaisha, na mita pekee tunayoiona ni ileile inayolia mlangoni kwangu. Tunaishi katika mkoa wa gesi ya Mnazi Bay, bomba limesafirisha nishati hiyo mpaka Dar es Salaam, na sisi tulioikalia tunagombana saa tisa usiku kwa ajili ya uniti za elfu mbili.

Kwako haya yanaweza kuonekana madogo. Mke wangu ana kisukari, na insulini yake hukaa kwenye jokofu. LUKU inapoisha usiku na majirani wamegoma kuchanga kwa sababu ya tangazo lako, huchukua vile vichupa, navifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuviweka ndani ya mtungi wa maji uliozungushiwa mchanga mbichi, kisha nakaa macho nikisubiri wakala afungue nikanunue uniti za watu kumi na mbili kwa pensheni ya mtu mmoja. Wanaonirudishia hunirudishia. Wengine huniambia nikaidai kwa wanaofunga. Nami ni miongoni mwa wanaofunga, kwa hiyo najidai mwenyewe.

Ninachoomba ni mita. Kama mita kamili za kila kaya zinahitaji bajeti ambayo ofisi yako bado inaitafuta, basi fundi aweke sabumita, yaani mita ndogo ya kupima matumizi ya kila nyumba, kwa kila mlango na nyingine kwenye duka la mbele, kazi ya siku chache, na wapangaji tuko tayari kuzungumzia gharama yake. Mpaka hapo, bili ya maji igawanywe kwa idadi ya watu wanaoishi katika kila nyumba, boya la tenki libadilishwe, na tangazo lile libanduliwe na yule yule kijana aliyelibandika, mchana, watu wakiona. Faini za jirani yangu zifutwe na chumba kifunguliwe. Lakini kama utaniambia kwamba unaweza kutekeleza jambo moja tu, basi sahau mengine yote na ulete mita.

Idi inakaribia na LUKU imebaki uniti nne.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mpangaji wa ghorofa ya chini,
Mtwara