Mkwe wangu mtori alikula

Mhariri, miaka 11 nanunua gazeti lenu pale stendi ya Moshi sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari ya watoto njiti imenikaba. Eti wanawahi kuzaliwa sababu mama zao hawali vizuri na wanakunywa dawa za kienyeji. Basi, imeisha hapo. Maambukizi tumboni hamkuyataja hata kwa neno moja.

Mkwe wangu hapa Pasua mtori alikula mpaka akauchukia. Kliniki hakukosa. Mkojo ulikuwa unamchoma, akasema, akajibiwa vipimo vimeisha njoo mwezi ujao, wiki ya 33 chupa ikapasuka usiku, tukakimbia na bajaji, nesi akamwangalia akasema uchungu bado rudini nyumbani, tukarudi, sisi nani tubishe? Kesho yake jioni mwili wa moto, maji yananuka, kurudi tena mbio, mtoto akatoka anahema kama kakimbizwa, moja kwa moja oksijeni na sindano za antibayotiki. Daktari mmoja kijana, Mungu ambariki, ndio alikaa chini akatueleza: bakteria wanapanda kutoka chini mpaka kwenye utando wa mtoto, mwili wa mama unawasha moto kupigana nao, na ule moto ndio unaamsha uchungu kabla ya siku, tena mtoto mwenyewe anaungua humohumo, mapafu, hata ubongo, wengine ndio baadae unakuja kuambiwa mtindio wa ubongo. Akasema chupa ikishapasuka yakapita masaa 18 mtoto hajatoka hatari inaongezeka. Sisi yalikuwa 23! Na bado majirani wanamwambia binti wa watu ni zile suruali za kubana. Sisemi njiti wote ni hivyo, ila wapo wengi na nyie mmewaruka.

Halafu yule mlinzi wa getini. Mimi na chupa yangu ya uji naambiwa muda wa kuona wagonjwa umeisha, mwenye gari anafunguliwa hata kioo hajashusha. Hiyo nayo andikeni.

Ushauri wangu: ule ukurasa wa nyota futeni wiki mbili tu, hela yake nunueni vile vijiti vya kupima mkojo mpeleke kliniki, na mwandishi wenu akakae benchi la leba usiku mmoja na saa mkononi ahesabu.

Mjukuu ana wiki 7, kilo 3 kasoro, bado analala kifuani kwa mama yake. Mkitaka kumpiga picha njooni, ila mnawe mikono kwanza.

Bibi yake, Pasua, Moshi