Shahidi aitwe kabla ya mlango kufunguliwa

Mhariri,

Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa hapa Morogoro mpaka uchaguzi wa Novemba 2024, ambao sikugombea tena. Sasa naweza kusema hadharani jambo ambalo nikiwa madarakani nililisemea pembeni tu, kwa maafande wenyewe. Ni habari ya saini ya shahidi pale nyumba ya mtu inapopekuliwa.

Watu wanamjua mwenyekiti kwa barua za utambulisho na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Usiku kazi ni nyingine. Simu inaita saa nane: "Mwenyekiti, njoo hapa kwa fulani, tuna kazi kidogo." Unavaa, unakwenda. Unakuta askari wanne au watano, wengine wamevaa kiraia. Godoro limeshapinduliwa, sanduku la mama mwenye nyumba limemwagwa sakafuni, kijana yuko uani na pingu mkononi. Mezani kuna kifurushi kimefungwa kwa gazeti, ndani yake misokoto ya bangi. "Tumekuta hivi. Weka saini hapa, na hapa."

Sasa mimi nashuhudia nini? Nimeona kifurushi juu ya meza; kilikotoka sikukuona, wala mkono uliokiweka. Huenda kweli kilikuwa chini ya godoro, wala simwiti askari mwongo. Lakini karatasi inayotaka jina langu inasema nilikuwepo mali ilipokamatwa, na mimi wakati huo nilikuwa kitandani kwangu.

Usiku mmoja nilikataa. Nilimwambia aliyeongoza msafara kwamba nitaandika saa niliyofika na nilichokikuta, basi. Akasema nazuia polisi kufanya kazi, na kwamba hata mwenyekiti anaweza kupanda difenda, gari lao la polisi. Sikupanda, na saini hawakuipata. Wakaenda kumgongea balozi wa nyumba kumi. Hapo napo pana lake: balozi ni kiongozi wa chama, si wa serikali ya mtaa, ila kwa mazoea ya zamani bado anaamshwa kuja kuwa shahidi wa dola.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, kisha inaiachia sheria iseme ni lini, na kwa kiasi gani, hifadhi hiyo inaweza kuingiliwa. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Wengi mtaani wanaamini hati ya upekuzi lazima itoke mahakamani. Sivyo. Mkuu wa kituo naye anaweza kumpa askari wake idhini ya maandishi akiwa na sababu za msingi, ila anatakiwa amwarifu hakimu mapema iwezekanavyo kwa nini aliitoa na upekuzi ulizaa nini. Hati ya mahakama hutekelezwa kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama yenyewe iruhusu saa nyingine. Na upo mlango wa dharura, wa kupekua bila hati ili ushahidi usipotee.

Mlango huo ndio unaopitiwa na kila askari. Dharura za mtaa wangu zilikuwa na tabia ya kutokea usiku wa manane. Nakumbuka hata nyumba ya mtu aliyeshinda mahabusu tangu asubuhi ilipekuliwa usiku, eti kwa dharura.

Kuna suala la risiti pia. Kitu kikichukuliwa, sheria inataka itolewe risiti yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, na ya mashahidi kama wapo. Jirani yangu, fundi simu, alibebewa boksi zima la simu za wateja bila hata kipande cha karatasi. Alipofuatilia kituoni, kila zamu ilimwambia amtafute aliyezichukua, na jina la huyo aliyezichukua hakulijua. Wateja wakamgeukia yeye.

Askari anayeruka hatua hizi anadhani anambana mhalifu, kumbe anamwandalia rufaa. Mahakama ya Rufani imeshawaachia washtakiwa kwa sababu upekuzi na ukamataji mali haukufuata sheria. Kweli, mara nyingine imekubali ushahidi wa mdomo pale risiti ilipokosekana. Lakini ushahidi huo wa mdomo atautoa nani, kama shahidi aliletwa mwishoni?

Kufuata utaratibu kunawezekana, nimeona mwenyewe. Palikuwa na mkaguzi mmoja, sasa amehamishwa, aliyekuwa akinipitia nyumbani kwanza. Tukifika anabisha hodi, anajitambulisha, anasoma karatasi yake, halafu ananyoosha mikono: "Mwenyekiti, tupekueni sisi kwanza." Nawapapasa mifuko askari wake wote, mwenye nyumba anaangalia. Kisha tunaingia chumba kimoja kimoja, sisi wawili nyuma yao. Kama kuna mwanamke wa kupekuliwa mwilini, anasubiriwa askari wa kike, kama sheria inavyotaka, hata ikibidi kukaa kibarazani na mbu nusu saa. Huyo mkaguzi alikamata watu wengi, na simkumbuki hata mmoja aliyekuja kwangu kulia kwamba kabambikiwa.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, na mapendekezo yake ni makubwa, hadi kuligeuza Jeshi la Polisi kuwa chombo cha kutoa huduma. Hayo yana wenyewe. Ombi langu ni dogo, na mkuu wa upelelezi wa mkoa anaweza kulitimiza bila kusubiri Bunge. Kwenye ile fomu tunayowekewa mbele, iongezwe mistari miwili: saa ambayo upekuzi ulianza, na saa ambayo shahidi alifika. Kila mmoja ajaze wake kwa mkono wake.

Mwenyekiti mstaafu wa mtaa,
Morogoro.